Soko la pupa: Gede yaonyesha jinsi makumbusho yanavyoweza kujilisha

Miongoni mwa bidhaa zinazosafirishwa kutoka pwani ya Kenya kwenda Ulaya na Marekani, ipo moja isiyoonekana katika orodha za bei za korosho, nazi wala mkonge. Ni pupa wa kipepeo, yaani kiwavi aliyekwisha kujifunga katika ganda lake akingoja kutoka na mabawa. Muuzaji wake ana makao yake katika eneo la magofu ya Gede, karibu na Watamu, chini ya mwavuli wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kila anayelalamika kwamba makumbusho hayana fedha hana budi kulitazama soko hilo kwa makini.

Mradi huo, uitwao Kipepeo, ulianza mwaka 1993 kwa ruzuku ya Mfuko wa Mazingira Duniani. Wakati huo wakulima wengi waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 420, hawakuuhesabu msitu kuwa mali. Kwao ulikuwa maficho ya tembo na nyani waliokula mahindi na mihogo yao, na wapo waliotaka ukatwe ili wapate mashamba. Kumhubiria thamani ya urithi mtu anayekesha akilinda shamba ni kazi bure.

Kilichobadili hesabu ni biashara. Mkulima hunasa vipepeo wazazi msituni, huwaweka katika banda la wavu, huokota mayai, huwalisha viwavi majani ya mimea aliyoipanda nyumbani, kisha hupeleka pupa Gede. Mradi huwakagua, humlipa mkulima kulingana na aina, kisha huwapakia na kuwasafirisha kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo hai. Shehena hiyo haina subira. Ikichelewa njiani, vipepeo hutokea ndani ya boksi na mali imekwisha. Msitu ndio ghala la mbegu. Ukifyekwa, wazazi wapya hawapatikani na biashara inafungwa.

Hapo ndipo penye somo. Katika taasisi nyingi za urithi, kushirikisha wananchi maana yake ni kuwaita mkutanoni, kuwapa soda na kuwasomea mpango uliokwisha kupitishwa. Mfadhili akiondoka, mikutano nayo hukoma. Huko Gede ushirikishwaji unapimwa kwa daftari la manunuzi: nani ameleta pupa wangapi na amelipwa kiasi gani. Ruzuku ilitumika kama mtaji wa kuanzia, si kama mshahara wa kudumu.

Faida ya pili ni kugawa hatari. Magofu hutegemea kiingilio cha wageni, na wageni wa pwani hukimbia upesi. Walikimbia mwaka 1997 baada ya ghasia za Likoni. Mnunuzi wa pupa aliye Uingereza hahitaji kupanda ndege kuja Mombasa ili atoe oda yake. Taasisi yenye mapato ya aina mbili haianguki siku moja kwa sababu moja.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mpaka wake. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko ulipofunga mipaka, nyumba za maonyesho za ng'ambo nazo zilifunga milango, kwa kuwa nazo huishi kwa kiingilio. Mlango wa Gede na mlango wa mnunuzi vilifungwa pamoja. Soko la nje peke yake ni mguu mmoja.

Upande wa Tanzania hatari imetoka kwingine. Wakulima wa Amani, wilayani Muheza, walikuwa na mradi kama huo kando ya misitu ya Usambara Mashariki. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa wakaingizwa katika kapu moja na twiga. Nia ya kuzuia magendo ilikuwa njema. Lakini mkulima aliyefuga viwavi bandani kwake, kwa majani aliyopanda mwenyewe, aliadhibiwa kwa kosa la mlanguzi. Sheria isiyotofautisha mfugaji na mwizi humfundisha mwananchi kwamba msitu hauna malipo.

Wapo watakaosema makumbusho si duka. Ni kweli, na kipepeo hawezi kubeba gharama za kuzuia kuta za matumbawe zisianguke. Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na heshima hiyo inaongeza wajibu wa matengenezo. Kazi hiyo ni ya bajeti ya serikali, na biashara ya wanakijiji isigeuzwe kisingizio cha kuipunguza. Bidhaa ya mwananchi inalipa jambo lingine: ujirani mwema, ambao hakuna askari wa kutosha wa kuununua.

Kwa taasisi zinazotaka kuiga, mambo matatu ni ya lazima. Kwanza, bei anayolipwa mkulima na bei ya kuuzia nje zibandikwe ubaoni, ili kila mtu ajue fungu lake. Pili, sehemu ya mapato ya miaka mizuri iwekwe akiba kwa ajili ya miaka kama 2020, na bidhaa za soko la ndani, kama asali, zipewe uzito. Tatu, serikali isibadili masharti ya vibali bila kutoa muda wa kumaliza oda na bila kuwasikiliza wafugaji.

Wahenga walisema mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Taasisi inayotaka kuchukua kiingilio chote, ruzuku yote na sifa zote, ikimwachia jirani hasara ya tembo, itabaki na ukuta na mlinzi tu.