Nyama Ipoe Kwanza

SAFU YA KISU BUTU

Ubao wa mkahawa mmoja kando ya Thika Road unatangaza wiki hii sandwichi moto ya nyama ya ng'ombe na jibini, kwa bei ya kununua nusu kilo ya nyama katika bucha za Gatuanyaga na chenji ikabaki ya mkate. Wateja wanalipa bila kununa, wakiamini chakula hicho hakipikiki nyumbani bila ovena na nyama laini ya kitajiri. Huo ni uvivu uliovaa tai. Wahamiaji wa Kiitalia wa Chicago, waliokipa umaarufu karne iliyopita, walikuwa na nyama ngumu ya bei ya chini na wageni wengi wa harusi. Waliipika polepole, wakaikata nyembamba mno, wakaichovya kwenye supu yake na kuishindilia ndani ya mkate, kipande kidogo kikalisha wengi. Kamati yoyote ya harusi huku kwetu inaielewa hesabu hiyo.

Nitaambiwa ng'ombe wetu ni mgumu. Ni kweli, aliyetembea mbali kutafuta malisho hawezi kuwa laini, na ndiyo sababu anafaa. Mpike saa mbili au tatu, sufuria imefunikwa, moto mdogo supu itetemeke tu, na ile mishipa inayoshikilia nyama huyeyuka ikawa utelezi unaoipa supu uzito. Steki ya bei ingekauka. Mwambie wa bucha akupe paja, kipande kizima, asikikatekate. Atakutazama mara mbili, maana shoka lake limezoea mchanganyiko. Kazi huharibikia mbele: watu huikata nyama ingali moto, inachanika nyuzinyuzi, kisha wanamlaumu ng'ombe. Iache ipoe kabisa, hata ilale usiku mahali pa baridi, ndipo uikate nyembamba ukikatiza nyuzi badala ya kuzifuata. Irudishe kwenye supu inayochemka kwa muda mfupi tu. (Wasomaji wa zamani wanajua safu hii ilivyopata jina. Kwa kazi hii, azimeni kisu cha jirani.)

Jibini ndiyo pingamizi lenye uzito. Katika kaunti yenye Brookside pale Ruiru na watengenezaji jibini kule Limuru, mtu wa Gatuanyaga bado anapanda matatu hadi Thika mjini kutafuta kipande. Wapo wanaoshauri ugandishe maziwa kwa limau. Hiyo ni tamu ndani ya mchuzi, lakini haiyeyuki hata uikaange hadi Krismasi. Inayoyeyuka ni ile iliyogandishwa kwa renneti. Basi nunua kidogo, ikwaruze, inyunyize juu ya nyama kikaangoni, funika dakika moja. Ovena ya nini? Mkate wa slaisi hulowa ukasambaratika, kwa hiyo pasua skonzi na uibanike upande wa ndani kwenye mafuta yaliyoelea juu ya supu.

Watakaosema hiki si chakula chetu watakuwa wanasema hivyo huku wakichovya chapati kwenye chai ya maziwa, nami sina muda nao. Kachumbari ikae kando ya sahani, majimaji yake yasizamishe mkate. Na yule msomaji wa Makongeni anayeniandikia kila mara kuhusu tomato sosi: jibu ni lile lile.