Nyumba ya Bwana Parker na Daftari Lililotiwa Motoni



Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twaishi kwa methali hiyo. Lakini leo twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyelitia daftari lake motoni kwa mkono wake mwenyewe, naye akafanya vema. Kisha tuulizane neno linalotupasa sisi.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Ohio, uko mji mdogo uitwao Ripley, kando ya mto Ohio. Ng'ambo ya mto ni Kentucky. Zamani za utumwa mto huo ulikuwa mpaka: Kentucky mtu mweusi aliuzwa mnadani kama mnyama, na Ohio utumwa ulikatazwa. Karibu na ukingo wa mto hata leo ipo nyumba ya matofali iliyokuwa ya Bwana John P. Parker.

Parker alizaliwa mtumwa katika mji wa Norfolk, Virginia, mwaka 1827. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliuzwa, akatengwa na mama yake, akapelekwa kwa miguu katika minyororo, na mwisho akafikishwa Mobile, jimbo la Alabama. Huko alijifunza kusoma kwa siri, na baadaye kazi ya kusubu chuma. Mwaka 1845 alijikomboa kwa dola 1,800 zilizotoka katika jasho lake. Kisha alihamia Ripley, akawa na kiwanda chake mwenyewe cha kusubu chuma, na serikali ikampa hati za uvumbuzi katika miaka ya 1884, 1885 na 1890.

Hizo zilikuwa kazi za mchana. Usiku alivuka mto kwa mashua akawatoa watumwa waliotaka kukimbia. Naye, kama karani mwema, aliandika daftarini majina yao, tarehe, na jinsi kila mmoja alivyookoka. Mwaka 1850 ilipotoka sheria kali ya kuwaadhibu wanaowasaidia watoro, aliona kwamba daftari lile likikamatwa litawaponza wengi. Akalitupa katika tanuru la chuma.

Juu ya kilima cha mji ule ipo nyumba nyingine, ya Mchungaji John Rankin, mzungu aliyefanya kazi ile ile ya kuwaficha watoro. Wote wawili wastahili heshima. Lakini nyumba ya Mchungaji ilinunuliwa na serikali ya Ohio mwaka 1938 ili itunzwe, na nyumba ya Parker, aliyefariki mwaka 1900, iliachwa ichakae, hata watu wa pale walipoanzisha chama cha kuikomboa. Mwaka 1997 ndipo ilipotangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Na maneno aliyomsimulia mwandishi wa gazeti katika miaka ya 1880 yalikaa katika maktaba ya chuo kikuu, yasichapwe kitabu mpaka mwaka 1996.

Huenda mwenzetu akasema, "Nyumba kuukuu haimlishi mtoto, tuna shida za mishahara na makazi." Ni kweli, wala hatusemi shida hizo ziachwe. Lakini mtu asiyejulikana alikotoka husemewa na wengine, na hupewa cheo wanachomchagulia. Parker asingesimulia habari zake, leo tungemhesabu katika kundi la watu waliookolewa, wala tusingejua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiokoa.

Kwetu pia, Pangani, penye mdomo wa mto, zimebaki nyumba za karne ile ile. Jina la tajiri mwenye nyumba hukumbukwa; je, aliyebeba mawe, na aliyelala uani, ni nani? Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo twashauri kila tawi la chama limteue karani mmoja, awaendee wazee kwa adabu, aandike majina na miaka, nakala moja ikae tawini na nyingine ipelekwe makao makuu.

Parker alichoma daftari lake ili watu wapone. Sisi hakuna sheria inayotutisha. Tukiyaacha yetu yapotee, tutakuwa tumeyachoma bila kumwokoa mtu.