KALAMU ISINGOJE MAISHA YATULIE

Katika kata ya Kinole, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, mgeni atokaye Visiwani hujiona kama yuko nyumbani. Mikarafuu imesimama pamoja na migomba, midalasini na michungwa, na harufu yake ni ile ile tuijuayo Unguja na Pemba. Ni huko ambako hivi karibuni tulionana na mama mmoja, mzaliwa wa Pemba, aliyemfuata mumewe baada ya kufunga ndoa.

Sandukuni mwake mna madaftari matano ya hadithi aliyoianza angali msichana. Hadithi imefika katikati. Kisha ikaja ndoa, ikaja safari ya kuvuka bahari, akaja mtoto wa kwanza, na mama mkwe akashikwa na maradhi yaliyotaka muuguzi wa usiku na mchana. Yapata miaka minne sasa madaftari hayo hayajafunguliwa. Tulipomwuliza ataimaliza lini kazi yake, alijibu kwa upole kwamba ataimaliza maisha yakitulia.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike leo. Tumelisikia kwa watumishi wanaohamishwa vituo, kwa vijana wanaoanza kazi, na hata kwa wastaafu. Ni jibu la mtu mwenye kujua wajibu wake, na kwa hiyo twaliheshimu. Lakini ni jibu la hatari, kwa sababu maisha hayatulii. Anayengoja bahari ikauke ndipo avuke, atazeeka ufukweni.

Historia ya fasihi yetu yashuhudia hayo. Marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa bwana afya kwa miaka kumi kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti mwaka 1948. Mwaka 1958 alivuka kwenda Dar es Salaam kuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Kipindi hicho cha kubadili kazi na makao ndicho kilichomwona akishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Alipostaafu mwaka 1968 hakuiweka kalamu chini. Baina ya mwaka 1973 na 1976 alitoa riwaya nne.

Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akahamishwa huku na huko, akafiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto wa kulea. Msiba huo haukuinyamazisha kalamu yake. Naye Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli. Ugeni ambao ungeweza kumnyamazisha ndio uliokuwa shamba lake.

Hata hivyo, haki inatulazimu tuseme neno moja zaidi. Hao wote tuliowataja ni wanaume, na nyuma ya meza ya mwandishi mwanamume mara nyingi yuko mwanamke anayepika, anayelea na anayewanyamazisha watoto. Nyuma ya mama yetu wa Kinole hayuko mtu. Penina Muhando, mzaliwa wa Berega katika mkoa huo huo wa Morogoro, aliligusa jambo hili la mizigo ya wanawake katika tamthiliya yake ya Nguzo Mama ya mwaka 1982. Hatuwezi kumwambia mwanamke ajitahidi, kisha tukamwachia ndoo, jiko, mtoto na mgonjwa. Wala asije mtu akadhani kwamba siku 84 za likizo ya uzazi ziwekwazo na sheria ya kazi ya Tanzania Bara ni nafasi ya kuandikia vitabu. Hizo ni siku za kupona na kunyonyesha.

Basi tufanye nini? Kwanza, twawaambia waandishi wenyewe: jifunzeni kwa mkulima wa Kinole. Mkarafuu huchukua miaka sita hivi au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, lakini mkulima hakai akiutazama. Hula ndizi za migomba aliyoipanda katikati yake. Nusu ukurasa kwa siku si kazi ya kumshinda mtu, nayo kwa mwaka mmoja ni kurasa zaidi ya 180. Na yakija mabadiliko makubwa, iwe ndoa, uhamisho au msiba, asiyeweza kuandika hadithi aandike japo mistari miwili ya ayaonayo. Hiyo ni mbegu ya kesho.

Pili, twawaambia waume na jamaa: saa moja ya utulivu kila jioni ni haki, wala si hisani. Anayembeba mtoto wakati mama anaandika naye ana sehemu yake katika kitabu hicho.

Tatu, twawaambia viongozi wa Chama na Serikali, Bara na Visiwani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, ni hatua ya kupongezwa. Lakini tuzo humfikia aliyekwisha kumaliza. Aliye katikati ya kazi, mbali na mji, anahitaji chumba cha shule kifunguliwe jioni, afisa utamaduni afike kijijini na kusoma mswada wake, na mchapishaji ajibu barua yake, hata kama jibu ni la kukataa.

Taifa huhesabu magunia ya karafuu yanayopotea kwa mvua. Hakuna anayehesabu hadithi zinazooza masandukuni. Madaftari matano yamelala Kinole. Twamwomba mwenyewe ayafungue usiku huu, maisha yakiwa hivyo hivyo yalivyo. Na walio karibu naye, twawaomba wampokee mtoto.