MCHAGUA NAZI HUPATA KOROMA: KADI YA POSTA NI SALAMU, SI AGIZO LA DUKANI



Hapana shaka kwamba desturi ya kupelekeana kadi za posta na watu wa mbali ni miongoni mwa mazoezi bora tuliyo nayo katika klabu zetu. Mwanafunzi hupata sababu ya kweli ya kuandika, na msomaji wa kweli anayemngojea. Lakini ndani ya desturi hiyo njema umezuka ugonjwa, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa wenyewe ni huu: wapokeaji kadha wa kadha wamegeuka wateja, nasi tumekubali kuwa wachuuzi wao. Makala haya yanakusudia kusema waziwazi kwamba kadi ya posta ni salamu, na salamu haiagizwi.

Kwa faida ya wasioufahamu mpango wenyewe, nitaueleza kwa ufupi. Mradi ujulikanao zaidi ni Postcrossing, ulioanzishwa na Mreno Paulo Magalhães tarehe 14 Julai 2005. Anayejiandikisha huomba anwani kwa njia ya intaneti, naye hupewa kwa bahati nasibu anwani ya mtu mmoja popote duniani, pamoja na namba ya kadi inayoanza na herufi za nchi ya mpelekaji. Huiandika namba hiyo kwenye kadi, hubandika stempu, kisha huitia kadi posta. Ikifika, mpokeaji huiandikisha namba ile. Hapo ndipo anwani ya mpelekaji nayo inapotolewa kwa mtu mwingine kabisa, ili naye apelekewe. Yafaa jambo hili lizingatiwe vizuri: yule unayempelekea siye atakayekupelekea. Hapana deni baina ya wawili. Kila kadi ni zawadi.

Katika mpango huo kila mmoja huruhusiwa kuandika maelezo mafupi juu ya nafsi yake na mambo ayapendayo. Wengi huandika kwa adabu: mmoja asema apenda ndege, mwingine asema apenda madaraja na reli, wa tatu asema atafurahia chochote kile. Lakini wapo waandikao mfano wa hati ya madai. Hataki picha za miji. Hataki kadi za matangazo. Hataki kadi iliyochorwa kwa mkono. Ataka stempu ifanane na picha, na muhuri wa posta ufanane na vyote viwili. Ataka kadi itiwe ndani ya bahasha isichafuke. Jirani yake naye aikataza bahasha kwa sababu ataka kuuona muhuri. Wengine hutaja orodha ndefu ya yale waliyokwisha kuyapata, wakionya wasiletewe tena. Mtu husoma orodha hizo akadhani amepewa zabuni ya serikali.

Katika klabu ninayoisimamia hapa Uganda, mvulana wa kidato cha pili alimpelekea mtu wa ng'ambo kadi yenye picha ya soko, wanawake wamekaa mbele ya mikungu ya ndizi. Aliandika sentensi nne za Kiswahili, alizozipanga na kuzisahihisha kwa juma zima, na chini yake akaeleza maana kwa Kiingereza. Jibu lililorudi lilikuwa na neno moja la shukrani, likifuatiwa na mistari mitatu ya lawama: kwamba maelezo yalikuwa wazi, kwamba yeye hukusanya wanyama tu, na kwamba kutoka Afrika alitazamia simba. Mvulana alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani alikuwa amenunua?"

La, hakununua. Aliyenunua ni mtoto huyu. Kwetu kadi za picha haziuzwi kila duka, na mara nyingi stempu ya ng'ambo hugharimu zaidi ya kadi yenyewe. Barua haziletwi mlangoni. Mtu huenda mwenyewe posta kupeleka, na hurudi tena kufungua sanduku. Anayefanya safari hizo kwa ajili ya mtu asiyemjua, akampa na senti zake za matumizi, amekwisha kutenda wema. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sisi tusomeshao Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kuitafuta kanuni ya jambo hili, kwani imo katika lugha yenyewe. Mtoto akimwamkia mkubwa "Shikamoo," mkubwa hujibu "Marahaba." Haulizi kwa nini mtoto hakuinama zaidi, wala hasemi kwamba shikamoo ya jana ilikuwa tamu kuliko ya leo. Anayeamkiwa akanyamaza huhesabiwa kuwa hana malezi. Anayeamkiwa akakaripia, je, tumwiteje? Kadi ya posta ni shikamoo iliyobandikwa stempu. Haki ya mpokeaji ni kuipokea, na wajibu wake ni kuitika.

Historia nayo yatuunga mkono. Kadi ya posta ya kwanza kutolewa rasmi na serikali ilitoka katika Dola ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha hata kidogo. Upande mmoja ulikuwa wa anwani, upande wa pili wa maneno. Ilikusudiwa kumpa mtu njia rahisi ya kupeleka habari fupi bila gharama ya barua kamili. Mwaka 1874 mataifa yalipokutana mjini Bern na kuunda umoja wa posta wa dunia, salamu hizo zikapata njia ya kuvuka mipaka kwa utaratibu mmoja. Picha zilikuja baadaye. Na Uingereza, kwa mfano, ni mwaka 1902 tu iliporuhusu maneno na anwani kukaa upande mmoja, ili upande wa pili uachiwe picha. Basi maneno ndiyo mwenye nyumba, na picha ni mgeni aliyekaribishwa. Anayeitazama picha akaacha maneno amemsalimu mgeni na kumpita mwenyeji.

Tena picha hizo zina historia yake katika sehemu zetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wa Unguja kama vile A. C. Gomes walitoa kadi zilizonunuliwa na wasafiri wa Kizungu na kupelekwa Ulaya. Zimo kadi nzuri za majumba na bandari, lakini zimo pia nyingi zinazomwonyesha mtu bila jina, ameandikwa chini yake kabila tu, kana kwamba ni kielelezo cha makumbusho. Picha ya Afrika ilichaguliwa na jicho la mnunuzi. Yule anayemwagiza mwanafunzi wa Kampala ampelekee Mmasai na mkuki wake, ilhali Wamasai ni watu wa Kenya na Tanzania, huenda asijue kuwa anairudia amri hiyo ya kale. Sisi tunaijua, kwa hiyo hatuna udhuru wa kuitii.

Wapo walimu wenzangu wasemao kuwa ukarimu ni kumpa mgeni akipendacho. Nami nakubali, ila nauliza: mgeni huyo ameomba au ameamuru? Mgeni asemaye kwamba hali pilipili amemsaidia mwenyeji. Mgeni atupaye sahani kwa sababu hakupikiwa biriani si mgeni tena. Ikiwa mpokeaji apenda ndege, na mwanafunzi anayo kadi ya korongo, na ampelekee kwa furaha. Lakini kumtuma mtoto azunguke mji mzima kutafuta kadi iliyoagizwa, au kumzuia asiandike mpaka ipatikane, huo si ukarimu. Ni utumishi usio na mshahara.

Wapo pia wasemao kwamba tukitii orodha tutaipatia nchi sifa njema. Sifa ipi hiyo? Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mwezi Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Yote hayo yametendeka, na bado mwalimu wa Kiswahili humwambia mwanafunzi afute mstari wake wa Kiswahili kwa sababu mgeni mmoja ameandika kwamba ataka Kiingereza kitupu! Kueleza maana kwa lugha ya mpokeaji ni adabu. Kuificha lugha yako ni kujidharau.

Haki haitatimia tukiwalaumu wa mbali peke yao. Katika baadhi ya klabu zetu nimeona maelezo yaandikwayo na walimu wenyewe: "Tupelekeeni miji mikubwa, theluji na majumba ya wafalme." Ikija kadi yenye njia panda ya mji mdogo wa Ujerumani, au hospitali, au kituo cha basi, hutiwa kabatini kwa aibu. Huo ni ulimbukeni. Kadi ya kituo cha basi ni somo zima: wanafunzi watataja abiria, nauli, ratiba, taa za barabarani na kivuko cha waendao kwa miguu, watalinganisha na kituo chao, watabishana kwa nini basi lile halina utingo. Jumba la mfalme hutazamwa mara moja likasifiwa, basi. Mchagua jembe si mkulima, na mwalimu achaguaye kadi hajaanza kufundisha.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, maelezo ya kila klabu yaseme kwamba kadi yoyote itapokelewa kwa shukrani, na kwamba wanafunzi wataandika kwa Kiswahili pamoja na maana yake. Pili, mwanafunzi aisome orodha ya mpokeaji kama asomavyo ushauri: kinachowezekana akitende, kisichowezekana akiache bila kuomba radhi. Tatu, kila kadi ijibiwe kwa maneno ya heshima, yakitaja walau jambo moja lililomo ndani yake, ili aliyeandika ajue kuwa amesomwa. Lawama ikija, mwalimu aijibu mwenyewe, asimwachie mtoto.

Tusidhani kwamba nafasi hii itadumu milele. Mwishoni mwa mwaka 2025 posta ya taifa ya Denmark ilikoma kupeleka barua, kazi ambayo huduma yake ilianza mwaka 1624, na barua zikaachiwa kampuni binafsi. Mahali ambapo barua zimekuwa chache namna hiyo, kila kipande cha karatasi kivukacho bahari kwa mkono wa mtu ni tunu. Barua ni nusu ya kuonana. Asiyetaka kuonana nasi mpaka tumletee simba, na tumwache angoje. Wengi wanatungojea kwa mikono miwili, nao ndio tuwaandikie.