Uchambuzi: Kiti kizuri cha tamasha Kigali, kununua mapema au kusubiri?

Mashabiki wa muziki wanaovuka mpaka kwenda Kigali hukabiliwa na uamuzi mgumu. Anayenunua tiketi mapema hubeba hatari ya onyesho kufutwa. Anayesubiri hadi siku za mwisho huenda akapata kiti kizuri zaidi, lakini pia huenda akaangukia mikononi mwa matapeli.

Tangu ulipofunguliwa Agosti 2019, ukumbi wa BK Arena, unaochukua watu wapatao 10,000, umeufanya mji mkuu wa Rwanda kuwa kituo cha wasanii wakubwa. Kendrick Lamar alitumbuiza hapo Desemba 6, 2023, na John Legend akafuata Februari 21, 2025. Kwa kuwa tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, wapenzi wa muziki wa nchi jirani nao huyahesabu matamasha hayo kuwa yao.

Viti vinavyojitokeza mwishoni

Katika biashara ya matamasha duniani, si viti vyote huuzwa siku ya kwanza. Waandaaji huzuia baadhi yake kwa ajili ya wafadhili, wageni wa msanii na wanahabari. Vingine huzuiwa kwa sababu haijulikani bado jukwaa, spika na mitambo ya taa vitachukua nafasi gani. Jukwaa likishasimama na wageni wakishathibitisha idadi yao, viti vilivyobaki hurejeshwa sokoni, aghalabu siku moja au mbili kabla ya onyesho, wakati mwingine saa chache tu. Baadhi huwa karibu kabisa na jukwaa.

Vilevile wapo walionunua kisha wakapata dharura. Tiketi haina thamani onyesho likishamalizika, na kwa hiyo mwenye nayo hukubali kupunguza bei kadiri saa inavyokaribia. Hata hivyo, msanii akiwa na mvuto mkubwa kuliko ukumbi, bei hupanda badala ya kushuka.

Hatari kwa anayewahi

Mwanzoni mwa 2025 ilidhihirika kwamba kuwahi nako kuna gharama. Mwishoni mwa Januari, vita vilipopamba moto mashariki mwa Kongo na waasi wa M23 kuingia Goma, mwimbaji wa Nigeria, Tems, alifuta onyesho lake lililopangwa kufanyika BK Arena Machi 22. John Legend, licha ya kukosolewa, hakufuta lake. Katika mazingira ya namna hiyo, shabiki hawezi kukisia ni msanii yupi atakayefika.

Hata hivyo, kusubiri si njia iliyo wazi kwa wote. Mkazi wa Kigali anaweza kuangalia mauzo rasmi asubuhi ya tamasha na kufika ukumbini jioni. Anayetoka Kampala anahitaji takriban siku nzima barabarani, hivyo hulazimika kuondoka kabla viti hivyo havijatolewa. Huyo ndiye windo rahisi la mlanguzi: yuko ugenini, muda umemwishia, na picha ya tiketi iliyotumwa kwa simu inaweza kuuzwa kwa watu kumi, ilhali mlangoni msimbo wake humkubali mmoja tu.

Kanuni kabla ya bahati

Mataifa mengine yamechagua kutunga sheria. Ufaransa imefanya kuwa kosa la jinai, tangu 2012, kuuza tiketi kwa mazoea bila idhini ya mwandaaji. Ireland, kwa sheria ya 2021, inazuia tiketi za kumbi zilizoainishwa zenye nafasi 1,000 au zaidi kuuzwa tena kwa bei inayozidi ile ya awali. Nchini Marekani, serikali ilifungua kesi dhidi ya Live Nation na Ticketmaster Mei 2024, ikizituhumu kuhodhi soko.

Kwa ukanda huu, hatua tatu zingepunguza mzigo wa msafiri: kutangaza mapema siku ambayo viti vilivyozuiwa vitatolewa, kuruhusu tiketi irudishwe kwa mwandaaji na kuuzwa tena kwa bei yake ya awali, na kueleza bayana utaratibu wa kurejesha fedha onyesho likifutwa. Bila hayo, kiti kizuri cha dakika za mwisho kitaendelea kuwa cha aliye jirani na ukumbi, na hasara itaendelea kuwa ya aliyetoka mbali.