Kisukari cha mimba: Siku na njia ya kujifungua zipangwe mapema

Tuna methali mbili zinazovutana. Moja inasema haraka haraka haina baraka, nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa mjamzito mwenye kisukari cha mimba zote mbili ni kweli. Mtoto akitolewa mapema mno, mapafu yake huenda hayajakomaa. Akiachwa mno tumboni, anaweza kukua kupita kiasi, kunasa mabega wakati wa kuzaliwa, au hata kufa kabla uchungu haujaanza.

Ndiyo maana safu hii leo ina msimamo mmoja. Kila mjamzito aliyeambiwa ana kisukari cha mimba, awe anaishi Itetemia, Ipuli au kijiji cha mbali huko Sikonge, asivuke wiki ya 36 bila mambo matatu kuandikwa kwenye kadi yake ya kliniki: atajifungua lini, kwa njia gani na wapi. Mambo hayo yakiachwa yaamuliwe usiku uchungu ukishashika, huamuliwa na bodaboda iliyopatikana na fedha iliyokuwa ndani.

Ni ugonjwa gani huu?

Kisukari cha mimba ni sukari ya damu inayopanda wakati wa ujauzito kwa mama ambaye hakuwa na kisukari kabla. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, na kongosho la mama lisipoweza kuongeza insulini ya kutosha, sukari hubaki kwenye damu. Sukari hiyo humfikia mtoto. Yeye hutengeneza insulini yake kwa wingi ili kukabiliana nayo, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na kifuani.

Si ugonjwa wa matajiri wala wa watu wa mjini peke yao. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa takriban mtoto mmoja kati ya sita waliozaliwa hai duniani alitoka katika mimba iliyoguswa na sukari ya juu, na sehemu kubwa ya mimba hizo ni za kisukari cha mimba. Mara nyingi mama hahisi chochote. Kiu na kukojoa mara kwa mara huchukuliwa kuwa mambo ya kawaida ya mimba.

Kipimo kinachotegemewa hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mama hufika bila kula, hupimwa, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, ana kisukari cha mimba kama sukari ni milimoli 5.1 kwa lita au zaidi kabla ya kula, 10.0 au zaidi baada ya saa moja, au 8.5 au zaidi baada ya saa mbili. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha, ingawa sukari iliyo juu sana huashiria kuwa huenda mama alikuwa na kisukari tangu zamani bila kujua.

Lini?

Siku ya kujifungua hutegemea jinsi sukari ilivyodhibitiwa. Kwa kawaida mama anayejipima hulenga sukari iwe chini ya 5.3 kabla ya kula na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula.

Mama aliyefikia viwango hivyo kwa chakula na mazoezi tu, asiye na shinikizo la damu, na ambaye mtoto wake anakua vizuri, hana sababu ya kuharakishwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 kwamba kama kisukari cha mimba ndilo tatizo pekee, uchungu usianzishwe kabla ya wiki 41. Miongozo ya Uingereza inamtaka awe amejifungua kabla ya wiki 41 kutimia. Ukiiweka pamoja, unapata mpaka ulio wazi: asubiri, lakini asipitishe wiki 41.

Mama anayetumia metformini au insulini, na sukari yake imetulia, madaktari wengi humpangia wiki ya 39 hadi kabla ya 40. Yule ambaye sukari imekataa kushuka, au ana shinikizo la damu, au mtoto ana dalili za kutokuwa salama, anaweza kuhitaji kujifungua wiki ya 37 au 38, mara nyingine mapema zaidi. Huo ni uamuzi wa daktari bingwa. Usifanywe na mama, na usifanywe na jirani aliyezaa salama.

Yote haya hayana maana kama hatujui umri wa mimba. Tuchukue mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza Juni 1. Kwa mwaka wa kawaida, wiki 24 zake hutimia Novemba 16 na wiki 28 Desemba 14. Hapo ndipo apimwe. Wiki 36 ni Februari 8, wiki 39 ni Machi 1, na wiki 41 ni Machi 15. Mama huyo akianza kliniki mwezi wa saba wa mimba huku hakumbuki tarehe, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama ana wiki 37 au 40. Kuwahi kliniki na kufanya altrasaundi moja kabla ya wiki 24 ndiko kunakolinda hesabu hiyo.

Kwa njia gani?

Wapo akina mama wanaoficha majibu yao kwa sababu wameambiwa kuwa kisukari ni kisu. Si kweli. Kisukari cha mimba peke yake si sababu ya upasuaji, na wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Siku iliyopangwa ikifika kabla ya uchungu, daktari anaweza kuuanzisha kwa dawa au kwa mpira maalumu wa kulainisha mlango wa kizazi, ilimradi mama na mtoto wanaangaliwa kwa karibu.

Upasuaji hujadiliwa mtoto anapokadiriwa kuwa na kilo 4.5 au zaidi, au kunapokuwa na sababu nyingine, kama vile mtoto aliyelala vibaya. Mjadala huo uwe wa kweli, kwa sababu altrasaundi hukadiria tu, na inaweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi kwa mtoto mkubwa. Upasuaji pia huacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kovu hilo hukumbukwa katika kila mimba inayofuata. Katika mkoa ambao familia nyingi bado huzaa watoto wengi, hilo si jambo dogo.

Hofu kubwa katika njia ya kawaida ni mabega kunasa baada ya kichwa kutoka. Mkunga aliyefunzwa huita wenzake, hukunja miguu ya mama hadi magoti yakaribie kifua, na msaidizi hubonyeza juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kuvuta kichwa kwa nguvu kunaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya mkono wa mtoto, na kusukuma tumbo kwa juu huzidisha kunasa. Dakika chache zinaamua. Hili si jambo la kukutana nalo mahali penye mhudumu mmoja na taa ya simu.

Hapa pia tuseme wazi kuhusu dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Kipimo chake hakijulikani, na zinaweza kulibana tumbo la uzazi hadi mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka. Mama mwenye mtoto mkubwa ndiye asiyepaswa kabisa kuzigusa.

Wapi?

Watu wa Itetemia hawahitaji kufundishwa maana ya kupanga safari. Hapa ndipo palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na Kwihara ya jirani ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Msafara ungeweza kusubiri miezi. Uchungu wa kuzaa hausubiri mpagazi.

Mama mwenye kisukari cha mimba ajifungulie mahali penye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa, kipima sukari na watu wanaoweza kumhudumia mtoto mchanga. Kwa wa Itetemia na kata za jirani, hiyo ina maana ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tabora, Kitete, au kituo kingine ambacho daktari wake amethibitisha kina huduma hizo. Zahanati ya karibu ibaki mahali pa kliniki na ushauri.

Anayeishi mbali asisubiri uchungu ndipo aanze safari. Mvua za Tabora hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na mama wetu wa Juni 1 anajifungua katikati yake. Ni heri asogee mjini wiki ya 38, akae kwa shangazi au ndugu, au kwenye nyumba ya kusubiria uzazi ikiwapo. Dharura ikitokea, mfumo wa usafiri wa m-mama hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115. Namba hiyo iandikwe ukutani, na baba aijue.

Maana mpango huu si wa mama peke yake. Mume, mama mzazi na mama mkwe waitwe kliniki wausikie kutoka kwa mkunga. Mara nyingi ndio wanaosema "tusubiri kwanza", na mkwe mwenye heshima zake hawezi kuwabishia saa nane za usiku.

Chakula, asali na siku ya kwanza ya mtoto

Hakuna mpango wa kujifungua utakaofaa kama sukari haijadhibitiwa. Mjamzito asijinyime chakula. Apunguze ukubwa wa bonge la ugali, aongeze mlenda, nsansa, maharage na karanga, na atembee kidogo baada ya kula. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa hiyo kiganja kimoja kina wanga mwingi kuliko kinavyoonekana. Na asali, fahari ya Tabora, ni sukari. Kutoka msituni hakuizuii kupandisha sukari ya damu.

Tangu wiki za mwisho mama aangalie pia mtoto anavyocheza. Akipunguza kucheza, aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama tarehe ya kliniki bado. Wakati wa uchungu, sukari yake ipimwe kila saa na ikae kati ya 4 na 7, kwa sababu sukari ya mama ikipanda saa hizo, ya mtoto inaweza kuporomoka baada ya kuzaliwa.

Kitovu kikikatwa, sukari ya mama haimfikii tena mtoto, lakini insulini yake bado ni nyingi. Ndiyo maana anaweza kulegea, kutetemeka au kushindwa kunyonya. Kinga ya kwanza ni kumweka kifuani kwa mama na kumnyonyesha ndani ya nusu saa, kisha kila baada ya saa mbili au tatu. Maziwa ya kwanza ya njano ndiyo dawa yake. Asipewe maji ya sukari, na asilambishwe asali, ambayo haifai kwa mtoto yeyote chini ya mwaka mmoja. Apimwe sukari katika saa za mwanzo, na mama asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa 24.

Sukari ya mama mara nyingi hushuka kondo likishatoka, lakini hatari ya kupata kisukari cha kudumu baadaye ni kubwa mara kadhaa kuliko kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuwa nacho. Anapaswa kupimwa tena kuanzia wiki ya 6 baada ya kujifungua. Mtoto naye huchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hivyo safari moja inaweza kumaliza kazi mbili.

Kinachohitajika kwa wenye dhamana

Sera ya nchi inasema huduma za mjamzito zitolewe bila malipo. Sera hiyo haipimi sukari kama zahanati haina vijiti vya kupimia. Halmashauri zihakikishe kila kliniki ya wajawazito ina kipima sukari kinachofanya kazi na vijiti vyake mwaka mzima, na waganga wakuu wa wilaya waulize kuhusu vijiti hivyo kila wanapokagua, kama wanavyouliza kuhusu chanjo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya upasuaji wa dharura mmoja.

Wakunga nao wasiishie kuandika "sukari juu, apewe ushauri". Waandike siku, njia na mahali, na wamsomee mama kwa lugha anayoielewa, Kinyamwezi ikibidi. Mama naye ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kuondoka kliniki: nitajifungua lini, kwa njia gani, na wapi? Asipojibiwa leo, aulize tena wiki ijayo, na aende na mtu wa nyumbani.