Biskuti Nyembamba za Idd kwa Korosho Zetu



Wasomaji wetu wa ukurasa wa familia, Idd inapokaribia katika nyumba zetu za Masasi na Newala, mama huhesabu mara mbili: kwanza unga uliopo, kisha watoto watakaobisha hodi baada ya swala. Hesabu ya pili ikiizidi ya kwanza, sahani hufichwa chumbani. Leo tuzungumze namna ya kuitoa sahani hiyo barazani.

Huko Abruzzo, nchini Italia, zipo biskuti za jadi ziitwazo pizzelle. Rojo la unga, mayai, sukari na siagi hubanwa kati ya mabamba mawili ya chuma yenye nakshi, likaiva juu na chini kwa pamoja. Biskuti hutoka nyembamba mno, hata unga kidogo ukatosha watu wengi. Wapo wanaotia kileo cha anisi. Sisi hatukihitaji, iliki yatutosha. Chuma chao pia hatuna, lakini moto wa juu na chini tumeujua tangu kwa bibi zetu.

Chukueni vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha korosho zilizokaangwa na kutwangwa laini, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha samli, yai 1, kijiko 1 cha chai cha iliki na chumvi kidogo. Changanyeni sukari na samli, tieni yai, kisha vilivyobaki. Donge likikatikakatika, ongezeni maziwa kijiko kimoja kimoja. Lisukumeni liwe jembamba, mkate kwa mdomo wa glasi. Zipangeni kwenye sinia iliyopakwa samli, muiweke juu ya mchanga mkavu ndani ya sufuria nzito iliyokwisha pata moto. Funikeni, mpalie makaa juu ya kifuniko. Baada ya dakika 10 hivi funueni. Kingo zikiwa na rangi ya dhahabu, epueni. Zikipoa zitakauka na kuwa kavu.

Tahadhari: watoto wasibangue korosho za shambani, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi.

Korosho zetu nyingi huondoka ghafi kwenda India na Vietnam. Nusu kikombe ikibaki jikoni, mtoto naye ataonja jasho la wazazi wake.

Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) azidishe maji anapopika mchuzi, apate kuwakumbuka majirani zake. Biskuti haizidishwi kwa maji, bali kwa kusukumwa ikawa nyembamba. Basi tusukume tukiwa na nia hiyo, na sahani ya kwanza iende kwa jirani, awe Mwislamu au Mkristo, kabla watoto wetu hawajaanza kugombania ya pili.

Wabillahi tawfiq.